Kombe la Tawi

Si fedha, usidanganyike.
Ni shaba ya bomba la injini iliyokufa,
Fundi Gurdit aliifua usiku, karakana ya Kisumu,
akaitia mikono miwili
kama masikio ya mtu anayesikiliza akisengenywa.
Ujira wake kuku wawili. Mmoja alikuwa mgonjwa.

Likaitwa Kombe la Tawi, kwa kuwa reli yetu ilikuwa tawi tu:
Lela, Luanda, Yala, Namasoli,
na Butere, ambako injini iligeuzwa kichwa irudi ilikotoka.
Wapagazi wakacheza, wapima pamba wakacheza,
mpiga kengele wa misheni akacheza kwa siri,
pekupeku wote, kucha zikibaki uwanjani kama punje.

Saa alikuwa nayo mtu mmoja, Bwana Stesheni Menezes,
naye hakuiamini.
Basi kanuni ikawa hii, ya kwanza na ya mwisho:
mechi huanza treni ikipita kwenda Butere,
huisha ikirudi.
Mwaka wa thelathini na nne fahali alilala relini karibu na Lela;
watu wakacheza mpaka popo wakatoka,
mabao kumi na moja, au kumi na matatu,
inategemea unamuuliza nani, na amekula nini.

Bendera za gadi zilitumika pembeni.
Nyekundu ikipanda, hata mbuzi walisimama.

Babu yangu Ngaira alikuwa kipa wa Yala.
Alijifunga gunia la pamba tumboni,
mpira ukimpiga hakuulalamikia,
alisema tu, "Karibu."
Simjui. Namjua gunia lake.

Septemba, thelathini na tisa. Fainali.
Yala mbili, Butere mbili,
na Olwenyi wa Butere, mguu wa kushoto kama jembe jipya,
akaupiga mpira juu ya paa la stesheni
ukatua kwenye mchongoma wa Menezes.
Tulisikia, husema waliosikia,
pumzi ndefu, kama ya mzee anayevua viatu.
Mpira mwingine haukuwako, kutoka pale hadi ziwani.

Menezes akaandika katika daftari la mizigo,
chini ya ngozi mbichi, juu ya ufuta:
*Mbili kwa mbili. Marudiano Jumamosi.*

Jumamosi mpira ukafika, mpya, unanuka duka.
Wakafika pia wenye kofia na orodha.
Treni ikapita kwenda Butere, mechi ikaanza.
Iliporudi ilisimama muda mrefu kuliko kawaida,
na katika wale ishirini na wawili
kumi na wanne wakapanda na jasho lao,
Olwenyi na Ngaira benchi moja.
Babu aliacha gunia langoni
na mimba ya miezi minne, ambayo ni baba yangu.
Matokeo hayakuandikwa.
Daftari linaruka hadi mahindi.

Nimelitafuta kombe miaka sita.
Kanisani hakuna. Kwa chifu hakuna, ila soda nilipewa.
Nimelikuta juzi soko la Luanda, kwa Mama Ayuma,
limezama hadi masikioni ndani ya njugu.
Sikio moja limekatika. Ubavuni lina bonde.
Jina la mwisho lililochongwa linasomeka YAL, halafu mkwaruzo.

"Hilo bonde linapunja wateja," nikamwambia.
"Ndiyo maana napimia hilo," akajibu,
bila kuinua macho.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa na pesa pia, bahashani.
Lakini mkono wake ulikuwa umelizoea,
unalishika pale pale ambapo nahodha angelishika.

"Unataka kombe au unataka njugu?"

Nikasema nipimie viwili, vya Yala.
Akapima, akasawazisha kwa kiganja.
Na viwili vya Butere, mfuko wa peke yake.
Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa kidogo,
akapima.
Kisha akachota konzi moja, akaishika hewani,
hajui aitie mfuko upi.

"Na hii," akasema, "ya nyongeza?"